Kwa macho tu, fundi?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, shemeji yangu kaja kunywa chai, kanikuta mtu mzima nimelala kifudifudi sebuleni, shavu kwenye kigae, namulika chini ya meza ya tangi la samaki kwa tochi ya simu. Kasimama mlangoni, kacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Shemeji, samaki wana habari gani na milimita mbili? Kunja pakti ya sigara, sokomeza chini ya mguu, basi."

Basi! Visiwa hivi vingekuwa na nusu ya nyufa zilizopo kama si neno hilo.

Tupige hesabu. Tangi langu lina urefu wa sentimita 100, upana 40, kina 50. Hizo ni lita 200, na lita ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Kioo cha milimita 10, karibu kilo 45. Mchanga na mawe, kilo 30 nyengine. Yaani mifuko mitano na nusu ya saruji imekaa sebuleni kwangu usiku na mchana, masika na kaskazi, juu ya miguu minne ya mbao. Nani kati yenu ataiegemeza saruji hiyo kwenye pakti ya sigara kisha akalala usingizi?

Na mimi sikuanza kwa ubishi. Nilianza kama watu wote, nikampelekea seremala mchoro. Kaniletea kitu kizuri, Mungu anajua, kona zimenakshiwa maua kama sanduku la bibi harusi. Nikainama kutazama chini. Mbao za juu hazikukaa juu ya miguu. Zimepachikwa ubavuni, kila kona skrubu mbili. Kilo 275 zining'inie kwenye skrubu nane! Nikamwambia, fundi, mbao ya juu inatakiwa ikalie mguu, uzito ushuke kwenye mti wenyewe mpaka sakafuni, skrubu kazi yake ni kuzuia visiachane tu. Kanitazama kwa huzuni. "Kile kitanda nilichokufanyia, kimevunjika?" Haya, hakijavunjika. Lakini kitanda asubuhi mtu anashuka.

Nikamuuliza amepimaje usawa. "Kwa macho."

Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Kisiwa hiki hakuna asiyejua mpira wa maji. Msingi wa nyumba yangu ulipigwa kwa mpira ule mwembamba unaoonesha, mmoja huku, mmoja kule, maji yakitulia ncha zote mbili ndiyo usawa. Ujuzi huo uko mtaani, bure, na kila mtoto aliyewahi kukoroga zege ameuona. Lakini kitu kikishaingia ndani ya nyumba, kabati, meza, jiko, ghafla macho yanatosha.

Msiniletee mafundi wa Nungwi. Najua wanaunda jahazi zima bila ya karatasi, kwa macho na mkono, na kofia nawavulia. Ila jahazi lina maji nje, likilemea upande unapanga mzigo upya. Mimi yangu yako ndani.

Basi nikaunda mwenyewe. Mbao mbili kwa nne za paini, zimekuja mbichi kama kawaida, nikazilaza kivulini wiki tatu na moja ikajipinda hata haifai kuwa mlingoti. Plaiwudi nikaipiga mgongoni, kwani bila ya hiyo meza inayumba kama mlevi hata miguu ikiwa minene vipi. Chuma ni imara zaidi, nakubali, kwa mwaka wa kwanza, kabla chumvi ya hewa yetu haijakila.

Kazi ngumu ni kusawazisha, na lazima ufanyie pale pale meza itakapokaa, si karakana. Sakafu yangu inashuka milimita 8 kwa kila mita kuelekea mlangoni. Fundi wa nyumba alifanya makusudi, ukipiga deki maji yatoke yenyewe, na mama alimsifu sana. Kuinama tu si msiba mkubwa. Maji yatajaa upande mmoja, sura mbaya, utazoea. Msiba ni upogo, mguu mmoja ukishuka peke yake. Mbao itajipinda ifuate. Kioo hakijui kujipinda: mshono wa silikoni unaachia, au kioo chenyewe kinapiga ufa, na kwa kawaida ni saa tisa za usiku.

Hata pima maji yenyewe usiiamini. Ipime, kisha igeuze kichwa mkiani pale pale. Kipovu kikihama, irudishe dukani. Mimi nilirudisha ya kwanza, muuza duka akanambia nimeishika vibaya.

Kabari zinakaa chini ya miguu ya meza, si chini ya tangi. Kuna wanaotandika sponji nene wakadhani wamesawazisha. Sponji inaficha vijichembe na vichwa vya skrubu, mwinamo unabaki ule ule. Kisha unajaza maji nusu, unaacha mpaka kesho, unatazama tena.

Ndiyo hiyo kesho shemeji aliyonikuta nayo. Lita 100 ndani, na vocha ya simu inapita chini ya mguu wa nyuma kushoto, laini kabisa. Mguu ule haukubeba kitu. Kabari ya mbele kulia ilikuwa imebonyea, meza ikaegemea huko. Na sababu, ambayo shemeji sikumwambia na nyinyi msimwambie, ni kuwa kabari niliikata kwenye kipande cha paini laini kilichobaki, bado kina unyevu. Pakti ya sigara ingefanya vile vile.

Tukayatoa maji, ndoo tano za lita 20. Shemeji kabeba mbili, huku maneno hayakatiki. Ya tatu ilinipiga goti sebuleni ikamwagika nusu, na maji, kama alivyotaka fundi wa nyumba, yakashika njia yakatoka mlangoni yenyewe.