Koneksheni za Madaktari Hazikuanza Leo

Ukitaja vyama vya wanafunzi wa Marekani vyenye majina ya herufi za Kigiriki, wengi wetu tunawaza zile tafrija za kwenye filamu. Vya udaktari vina historia nyingine, na kwa maoni yangu ni historia ya ajira zaidi kuliko ya udugu.

Nu Sigma Nu kilizaliwa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1882, na William Mayo, yule mpasuaji wa hospitali ya Mayo Clinic, alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Vingine vikafuata: Phi Chi kule Vermont 1889, Phi Rho Sigma Chicago 1890. Ukiingia ulipata chumba katika nyumba ya chama, madaftari ya waliokutangulia na, kubwa kuliko yote, daktari mzito wa kukuandikia barua. Enzi hizo nafasi ya mafunzo ya vitendo hospitalini ilitegemea sana kujuana. Na ukishafungua kliniki yako, wagonjwa waliokushinda uliwapeleka kwa nani? Kwa mwanachama mwenzio, naye akakukumbuka.

Wayahudi hawakukaribishwa. Ndipo tarehe 13 Oktoba 1904, Aaron Brown na wenzake wa shule ya udaktari ya Cornell, New York, wakaunda Phi Delta Epsilon. Wanawake wa Michigan walikwisha kuwa na chao, Alpha Epsilon Iota, tangu 1890. Weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, wakaanzisha Chi Delta Mu mwaka 1913.

Wapo watakaosema aliyebaguliwa naye akajitenga. Sikubaliani. Brown angefanya nini, angoje mwaliko? Darasani alikuwa ameshaingia. Alichokosa ni mtu wa kulitaja jina lake pale wakubwa walipokuwa wakigawana nafasi.

Ila tusivipambe mno. Hata huko ulipaswa kualikwa, na ambaye hakualikwa alibaki peke yake. Kilicholegeza kamba kwa wengi zaidi hakikuwa na beji wala kiapo: ni utaratibu wa kitaifa wa kugawa nafasi za mafunzo hospitalini, ulioanza 1952. Mwanafunzi anapanga hospitali anazozitaka, hospitali nazo zinapanga wanafunzi, orodha zinalinganishwa, majibu yanatoka kwa pamoja. Upendeleo haukuisha, maana orodha ya hospitali inaandikwa na watu walewale. Lakini ule mchezo wa hospitali kuwahi kumbana kijana akubali nafasi kabla hajasikia kwingine ulipungua sana.

Leo Phi Delta Epsilon inapokea dini zote, wake kwa waume, na hata wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao bado wanaota tu kuingia udaktari, maana kule udaktari husomwa baada ya shahada hiyo. Kufungua mlango ni jambo jema, sina ubishi. Kinachonikera ni kwamba kijana wa miaka 19 tayari anaona hawezi kuomba shule ya udaktari bila kwanza kujiunga mahali, kulipa ada na kutafuta wakubwa wa kumtambua.