Hakuna nyota kwenye "starboard"

Juzi mjomba katupia kwenye grupu la ukoo ujumbe wa "Je, wajua?". Eti Waingereza huuita ubavu wa kulia wa meli "starboard" kwa sababu mabaharia wa kale walitazama nyota upande huo. Chini yake watu wameshapiga makofi. Mimi chai ikanipalia.

Nyota gani hizo zinazokaa upande mmoja? Chombo kikigeuka, nazo zinageuka? Haya, "star" ni nyota, na mabaharia walizitegemea nyota. Kukubali kwangu kumeishia hapo.

Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, "steorbord". "Steor" ni usukani, "bord" ni ubavu wa chombo. Ubavu wa usukani, kwisha! Kabla usukani haujahamia katikati ya tezi, yaani nyuma ya chombo, vyombo vya Ulaya kaskazini viliongozwa kwa kafi kubwa lililofungwa ubavuni, na kwa kuwa wengi wetu tuna nguvu mkono wa kulia, likafungwa kulia. Meli ya Gokstad, chombo cha kale cha Waviking kilichofukuliwa Norway mwaka 1880, ilikutwa na kafi lake upande huohuo. Sasa mwone mshika usukani: amekamata mpini, uso kaelekeza kulia, mgongo kaugeuzia kushoto. Ndiyo maana Wajerumani mpaka leo kushoto kwa meli wanakuita "Backbord", ubavu wa mgongoni. Mtu na jasho lake wamo ndani ya neno, halafu wewe unaniletea nyota.

Kushoto Waingereza walikuwa na "larboard", yaelekea ubavu wa kupakilia, maana ukiegesha kwa kulia gati litalisaga kafi. "Starboard", "larboard": hebu yapigie kelele upepo ukivuma, uone nani atakusikia sawasawa. Mwaka 1844 ndipo wakubwa wa Jeshi la Majini la Uingereza walipoamuru ubavu wa kushoto uitwe "port". Karne zote hizo walikuwa wanangoja nini?

Na kabla hujaniletea ile ya "posh", neno la Kiingereza la mambo ya kifahari, eti ni kifupi cha "port out, starboard home" (kushoto kwenda, kulia kurudi) kilichogongwa kwenye tiketi za matajiri wa kwenda India: hakuna aliyewahi kuonyesha hata tiketi moja yenye mhuri huo.

Yote haya niliyaandika kwa adabu, nikatanguliza shikamoo. Mjomba akajibu, "Marahaba. Ahsante kwa somo." Nikalala nimefurahi. Asubuhi nafungua grupu la harusi, naukuta ujumbe wa nyota. Aliyeutuma ni yeye.