Mafiga ya Mababa

Sherehe ya somo, yaani mtakatifu msimamizi, wa jumuiya yetu, hapa Mikindani, Mtwara, mababa tulipewa kazi moja: kupanga mafiga na kuwasha moto. Mengine yote yalikuwa ya WAWATA, umoja wa akina mama Wakatoliki, tena mwezi wa kumi, korosho zinadondoka na kila mama ana shamba linamngoja.

Mafiga yetu yalikuwa mazuri. Mchanga ndio uliotusaliti. Mchele kilo 25, tui la nazi 25 na uzito wa sufuria lenyewe: ukivitwika matofali matatu juu ya mchanga wa pwani, moja litazama tu. Lilizama la upande wa bahari, polepole, kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri. Tui lote likakimbilia huko. Tunastuka mfuniko umekaa upogo, upande wa juu mchele bado unagonga meno na chini yake unanuka moshi. Upande wa pili ni bokoboko.

Nikashika mwiko nisawazishe mambo.

"Baba! Weka hicho chini!"

Mama Mwenyekiti alikuwa mbali, kwenye karai la samaki, lakini sauti yake haijui umbali. Wali ulioshika chini haukorogwi. Ukikoroga, ukoko unapanda na sufuria zima linanuka. Na wa nazi ndio mbaya zaidi, maana tui hushika chini upesi kuliko maji matupu.

Akina mama wakavuta kuni zote pembeni. Wali wa katikati, uliosalimika, wakauchota juu juu kwa sahani bila kugusa chini, wakautia kwenye sufuria jingine na kuuacha wazi kidogo moshi utoke. Mbichi ukapewa sufuria la tatu: wakaunyunyizia maji yaliyochemka yenye chumvi, kama lita mbili, kwa kiganja na si kwa kumwaga, maana ukimwaga unapata bokoboko la pili. Juu jani la mgomba, mfuniko, makaa juu ya mfuniko, chini moto wa kuchungulia tu. Dakika 20 punje zikafumbuka.

Bokoboko likabaki linatutazama. Mama Katibu akaliangalia, akaangalia choroko zilizochemshwa kwa ajili ya mboga, akasema, "Si mseto huu?" Wakaponda pamoja, wakaongeza tui zito, chumvi, kitunguu cha kukaanga juu.

Wakati huo sisi tulikuwa tunafundishwa mafiga upya, na vijana wa kwaya wanasikiliza. Chimba mpaka ukutane na udongo mgumu. Laza kipande cha bati chini ya kila tofali. Kisha teleka sufuria tupu, tia maji kidogo, uone yamekaa wapi. Yakikimbilia upande mmoja, wali nao utakimbia. Fundi mwashi mmoja alikuwa kati yetu. Alinyamaza kabisa.

Paroko alikula mseto, akaongeza, akauliza nani kabuni. Akina mama wakatuonyesha sisi kwa vidole, wote kwa pamoja, bila hata kucheka.

Tukaona shukrani yetu iwe kuosha masufuria. Ukoko tuliulowanisha kwa maji moto, tukausugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka jua likazama. Mama Katibu akapitisha kidole ndani, akakitazama, akaturudishia sufuria.