Wanaowapima akili watuhumiwa wajikaze mpaka wapi?

Mtuhumiwa wa mauaji Tabora akitiliwa shaka kuwa hana akili timamu, mahakama humpeleka Isanga, taasisi ya afya ya akili ya watuhumiwa iliyoko Dodoma, na sheria inawapa wataalamu siku 42 kuandika ripoti. Lakini wapo wa hukuhuku pia: muuguzi wa afya ya akili, na afisa ustawi wa jamii anayekwenda kijijini kuwauliza ndugu ilikuwaje. Anaambiwa panga lilianzia wapi na nani alikuwa anatazama. Baadaye anayasikia tena, safari hii ya bibi mwingine aliyeitwa mchawi kwa macho yake mekundu, macho ya moshi wa jikoni.

Mwaka 1990 McCann na Pearlman, wanasaikolojia wa Marekani, walieleza kwamba kusikiliza mateso ya wengine kila mara humbadilisha msikilizaji mwenyewe: haamini watu, haoni penye usalama.

Wapo wanaosema dawa ni kujikaza. Siwabezi. Anayelia na kila mfiwa hataandika ripoti ya kumsaidia jaji, na mizaha ya saa ya chai inayomkera mgeni ndiyo inayowafikisha jioni. George Vaillant, daktari wa akili wa Marekani, aliuweka ucheshi kwenye kinga za nafsi zilizokomaa, yaani njia bora za akili kujilinda na maumivu. Mnyamwezi hilo analijua: Mzaramo, mtani wake, huja msibani akamsimanga marehemu, wafiwa wakacheka machozi yakiwatoka.

Ila mtani anamtania mtu. Ofisini mtu hugeuka faili: "Ile ya panga imefika?" Isabel Menzies, mchambuzi wa nafsi wa Uingereza, aliandika mwaka 1960 kuhusu hospitali moja ya London ambako wauguzi waligawiwa kazi vipande vipande, asiwepo wa kumzoea mgonjwa. Hofu haikwisha, na wanafunzi wengi wa uuguzi waliacha. Kwenye kazi ya mahakama madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu aliyekufa ganzi hachimbi. Mtuhumiwa akisema hasikii sauti za watu wasiokuwepo, anaandika hivyo na kufunga faili, bila kuuliza mbona anageuka nyuma kila mara.

Wengine wanasema basi wakae waongee. Kikao kimoja cha lazima baada ya tukio, tafiti zimeonyesha, hakizuii kiwewe. Tena kwa mji kama Tabora, ukimfungulia moyo bosi leo, kesho ofisi nzima inakuona dhaifu. Mimi ningeanza na msimamizi wa kitaalamu asiyekuandikia tathmini, hata awe wa mkoa mwingine kwa simu, kisha kesi nzito zishikwe kwa kupokezana. Penye muuguzi mmoja hakuna wa kumpokea, kwa hiyo huko simu ndiyo itangulie, na muda wake uhesabiwe kazini.