Acheni kuwafundisha watu xhost +

Jamani hii kitu inaniuma kweli. Mtu anakwama kwenye Linux, anataka kufungua programu yenye madirisha toka ndani ya Docker (inayoendesha programu kwenye kontena, yaani boksi lililotengwa), au kwa akaunti ya root, ile ya msimamizi mkuu, seva ya X, yaani programu inayochora madirisha kwenye skrini, inamkatalia, anaomba msaada na jibu la kwanza analopewa ni andika xhost +, komandi ya kupanga nani aruhusiwe kuingia kwenye seva ya X, basi umemaliza. Na kweli inafunguka, ndo maana huu ushauri haufi.

Sasa hiyo alama ya kujumlisha imezima ulinzi wote. X ilianza MIT mwaka 1984 na tabia yake mpaka leo ni kwamba programu ikishapokelewa inaaminiwa kwa kila kitu, inaweza kupiga picha skrini nzima, kusoma kila herufi unayobonyeza mpaka paswodi, hata kubonyeza kwa niaba yako. Najua wapo watakaosema Xorg (seva ya X ya kwenye Linux) za siku hizi hazisikilizi mtandaoni, porti 6000, mlango wake wa mtandao, imefungwa. Sawa, lakini wenzako wa mashine hiyohiyo je? Sehemu moja niliyofanya kazi tulikuwa na kompyuta za pamoja, mtu akaiweka hiyo komandi kwenye .profile, faili linalosomwa kila akiingia, ili asisumbuke, nikamuomba ruhusa nikaingia kwenye mashine yake toka mbali kwa ssh na akaunti yangu ya kawaida kabisa, nikaweka DISPLAY=:0 kuelekeza kwenye skrini yake, nikaita xwd, komandi ya kupiga picha skrini, nikampelekea picha ya skrini yake na barua pepe zake zote zinasomeka. Alinyamaza muda mrefu.

Na dawa yenyewe ni mstari mmoja tu! Kama anayetakiwa kuingia ni root andika xhost +si:localuser:root, umemruhusu huyo peke yake, hata kontena la Docker linaloendeshwa kama root kwa kawaida linapita hapo ukilipa soketi ya /tmp/.X11-unix, njia ya kuongea na seva ya X. Kazi ikiisha weka kutoa pale penye kujumlisha. Kwa mashine ya mbali tumia ssh -X, yenyewe inashughulika na kuki za xauth, yaani funguo za siri za kuingilia kwenye X, wala xhost huigusi.

Kama ulishaandika xhost + leo, andika xhost - (na alama ya kutoa) ulinzi urudi, halafu xhost tupu, bila alama yoyote, uone nani bado yupo kwenye orodha. Ila aliyekwisha kuunganishwa hakatwi, kwa hiyo kama una wasiwasi logauti kabisa uingie upya.