Kijeba hapewi alama

Ukiingia uwanja wa timu ndogo ya besiboli hapa Ohio, Marekani, unaweza kupewa karatasi ya kikosi: jina, kimo, uzito, mkono anaorushia, tarehe ya kuzaliwa. Mzee wa kiti cha mbele, skauti wa kusaka vipaji, stopuwochi shingoni na penseli mkononi, hakuanza kwa kuuliza nani anapiga sana. Alianza kupigia mstari miaka ya kuzaliwa. Nikacheka peke yangu, maana kwetu Tanzania safu hiyo ndiyo ya mwisho kuaminiwa.

Cleveland Guardians, timu ya ligi kuu ya besiboli, wana timu tatu za kukuzia vijana ndani ya jimbo hili: Lake County ngazi ya High-A, Akron ngazi ya Double-A, na Columbus ngazi ya Triple-A, hatua moja chini ya ligi kuu. Wenyewe wanaziita shamba. High-A wachezaji wana wastani wa miaka 22 hivi, Double-A 24, Triple-A 26. Hesabu yote inaanzia hapo. Kijana wa miaka 19 anayepiga .260 pale Akron, yaani anafanikiwa mara 26 katika 100, ni habari kubwa. Wa miaka 25 anayepiga .310 Lake County ni mtu mzima anayeonea watoto. Huyo wa pili sisi tuna jina lake, kijeba. Ila huku kijeba anacheza mchana kweupe, umri wake umeandikwa, na skauti anampita bila kumwandika.

Kipimo cha maskauti kinaanzia 20 kinaishia 80. Alama 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, kwa hiyo usimdharau mwenye 45. Vitu vitano vinapimwa: kugonga mpira, nguvu, mbio, mkono na udakaji. Kila kimoja kina alama mbili, ya leo na ya baadaye. Mtoto wa miaka 18 anaweza kuwa na 25 ya leo na 55 ya baadaye, na hapo ndipo utamu ulipo: zile alama 30 za katikati zinajazwa na miaka aliyobakiza ya kukua. Ukidanganywa umri, umejaza pengo kwa hewa.

Mbio zinapimwa hivi. Bonyeza saa fimbo inapogusa mpira, si mpigaji anapoanza kukimbia. Simamisha mguu unapokanyaga kituo cha kwanza, mita 27.4 mbele. Anayepigia mkono wa kulia akitumia sekunde 4.3 ni wa kawaida, 4.0 ni upepo. Wa kushoto mpunguzie sehemu moja ya kumi, maana anasimama karibu zaidi na kituo. Kosa la wengi ni kupima mbio moja tu. Mchezaji akiona mpira wake umedakwa analegeza, nawe unaandika 4.6 na kumharibia jina.

Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, naye anapimwa kuanzia mpira unapogonga glovu yake hadi unapogonga glovu ya mwenzake kituo cha pili. Sekunde 2.0 inatosha, 1.9 ni mkono wa kweli. Lakini mrushaji ametumia kama 1.3 kuufikisha mpira kwake. Akivuta miguu ikawa 1.6, wakimbiaji wataiba vituo, yaani watachomoka kwenda kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe, usiku kucha na jukwaa zima litamtukana mdakaji asiye na kosa. (Makipa wa ndondo, soka letu la mitaani, wananielewa.)

Takwimu nazo zina mitego. Albuquerque, timu ya Triple-A ya Colorado Rockies, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, inakaribia kimo cha Nairobi. Hewa nyepesi, mpira unaruka hata ukiupiga vibaya. Anayetoa mipira nje ya uwanja pale mpunguzie kwanza, ndipo umsifu.

Sasa mchukue José Ramírez. Cleveland walimsaini mwaka 2009 huko Jamhuri ya Dominika kwa dola 50,000, hela ya kawaida kabisa kwa soko lao. Mfupi. Mwaka 2013 alikuwa Akron, nguvu za kuutoa mpira nje hana. Kwa macho ya kwetu, aende akasome ufundi. Lakini alikuwa na miaka 20, fimbo yake haikosi mpira ovyo, na anaopambana nao wamemzidi miaka mitatu, minne. Mwezi Septemba mwaka huohuo akaingia ligi kuu. Mwaka 2018 alipiga mipira 39 nje ya uwanja.

Najua mnachoandika tayari. "Huyu kaonja majuu miaka miwili keshakuwa Mzungu." Kwani nimesema wao ni malaika? Mwaka 2006 timu ya Washington ilitoa dola milioni 1.4 kwa kijana wa Dominika aliyedai ana miaka 16. Mwaka 2009 ikabainika ana zaidi ya 20 na hata jina si lake. Walitapeliwa, pamoja na ofisi zao zote. Tofauti ni kwamba waliona hasara yao iko kwenye umri. Sisi kijeba akitupatia kombe la mkoa tunambeba mabegani.

Na si kwamba vipaji hatuna, msinilishe maneno. Waganda wa Lugazi walikwenda Williamsport, Marekani, mwaka 2012, timu ya kwanza ya Afrika kwenye fainali za dunia za besiboli ya watoto. Mwaka mmoja kabla yao Waganda wengine walifuzu wakanyimwa viza. Kisa? Tarehe za kuzaliwa hazikulingana kwenye makaratasi. Sisi wenyewe Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya soka ya vijana chini ya miaka 17, walipokonywa nafasi ya fainali za Afrika za Gambia 2005 kwa umri, halafu 2017 tukaenda Gabon baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kesi ya umri vilevile. Tukashangilia bila haya.

Kuna atakayesema watoto wa vijijini hawana vyeti. Kweli, na cheti chenyewe kinapatikana hata jioni kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Basi usiombe cheti. Omba kadi ya kliniki. Ina tarehe, ina uzito wa kila mwezi ulioandikwa na nesi, na hakuna mama aliyempeleka mwanawe mizani huku akiwaza kikosi cha Serengeti Boys.