Sikuchungulia mtu: ukweli wa ile Alphard ya Chang'ombe

Naona ile voisi noti ya rafiki yangu, eti siku ya mahari nilichungulia watu ukweni kutoka juu ya Alphard, imeshafika mpaka Singida. Shemeji yangu kanipigia asubuhi hata salamu hajanipa, kaanza tu kucheka, anacheka anakata simu, anapiga tena anacheka. Kwa hiyo kabla haijamfikia mama kule Muheza naomba niseme mwenyewe, maana yule rafiki yangu (namwita rafiki kwa mazoea tu) katia chumvi mpaka basi. Hakuna zimamoto walioitwa. Sikukaa juu ya gari saa nzima. Na sikulia, lile lilikuwa jasho, Jumamosi jua la Dodoma mlilionaje nyie?

Mnaojua mnajua, jamaa yetu anaoa Chang'ombe ya hapa Dodoma na mshenga ni mimi. Barua ilishapita, kishika uchumba kilishapita, Jumamosi ilikuwa ni kupeleka mahari yenyewe. Mimi nina IST yangu, inanitosha, lakini kaka mkubwa wa bwana harusi akasema haiwezekani twende ukweni na IST, watasema binti yao anaenda kuteseka. Chukueni Alphard yangu. Nyeupe, viti vya kulala kama uko ndege, milango ya pembeni inajifungua yenyewe, na ndani kuna dada wa Kijapani kila ukiwasha gari anaongea. Wenye uelewa wanasema anakukumbusha hujachomeka kadi ya kulipia barabara za huko kwao. Shangazi wa bwana harusi alikuwa anamjibu kila mara, "Asante mwanangu."

Halafu jamani huu mji nani kauloga na haya magari? Nilivyokuja hapa, kabla ya ile 2016 serikali ilipoanza kuhamia, ukienda mjini na gari ulikuwa unachagua kivuli cha mti unaokupendeza. Leo ni jiji, na kila nyumba yenye geti kuna kabasi ndani, Noah, Voxy, Alphard, asiye nayo anaitafuta. Sababu zipo sikatai, watoto watatu, dada wa kazi, bibi kaja kutibiwa macho, binamu anasoma UDOM wikiendi anakuja kula, Desemba ikifika wote hao unawapakia mnaenda Kondoa na mnarudi na gunia la mahindi. IST hapo haifui dafu. Ila mitaa ni ile ile, na IST haifiki hata mita 4, Alphard inakaribia 5, upana mita 1.8, sasa wewe pitisha hiyo kwenye vichochoro vilivyochorwa na miguu ya mbuzi.

Na siku yenyewe ilianza kunionyesha dalili mapema. Tulianzia Majengo sokoni kuchukua kreti za soda na blanketi la bibi. Kuzunguka huko nisiwasimulie, nafasi hii wamekaa boda, ile kuna ndoo imewekwa fimbo katikati na mama kasimama pembeni anamlindia mtu paking kama kiwanja cha urithi, mwisho nikapata upenyo nikaingia, makalio ya gari yakabaki nje. Kijana wa maegesho akaja na kimashine chake, akapiga picha namba ya mbele, akazunguka akapiga ya nyuma. Nikamuuliza, mdogo wangu unanichaji gari mbili? Akasema, "Mzee, umekalia nafasi mbili." Nikanyamaza.

Haya, Chang'ombe. Tumefika turubai limefungwa katikati ya mtaa, viti vimepangwa, akina mama wakatupokea na vigelegele, nikawashusha wazee na shangazi palepale mbele ya watu, mlango unajifungua wenyewe taratiiibu, nikasikia mtu anasema "eeh, hawa wamekuja." Nilivimba kichwa, siwafichi. Sasa gari likae wapi? Barabarani haliwezi, jirani keshasema tusizibe njia. Kati ya nyumba ya wakwe na mwarobaini kulikuwa na uwazi, mwisho wake ukuta wa uani. Kijana mmoja wa upande wa bi harusi akajipa utrafiki: "Piga rivasi! Njoo, njoo, njoo, kata yote, njoo, vunja, nyoosha, njooo, bado mzee bado..." huku anapiga bodi kofi. Sensa inalia tititititi, dada wa Kijapani kaamka naye anasema yake. "Hapo hapo! Umekaa!"

Nimekaa kweli. Kulia shina la mwarobaini limeegemeana na mlango wangu, unafunguka vidole viwili unagoma. Nikahamia kushoto, mlango wa mbele unagonga ukuta. Nikabonyeza ule wa umeme, ukateleza vizuri kabisa mpaka mwisho ukanionyesha matofali. Nyuma buti linafunguka kwenda juu, na ili liende juu lazima kwanza lije nje, na nje ni ukuta.

Wajuaji mnataka kuniambia si ungesogeza mbele. Nilikuwa nasogeza! Mkono uko kwenye gia! Ndo ikaja Noah ya wajomba wa bi harusi kutoka Mpwapwa, imejaa mpaka vioo vina ukungu, ikaja mpaka pua kwa pua na mimi, ikazima. Wajomba wakashuka wanajinyoosha, dereva akafunga, akaweka funguo mfukoni, akapanda boda akaondoka. Nimepiga honi, mjomba mmoja akanipungia mkono akijua nasalimia.

Simu ikaita. Shangazi, ananong'ona.

"Uko wapi wewe, wazee wanamuuliza mshenga."

"Niko kwenye gari, shangazi."

"Si ushuke."

"Siwezi shangazi, nimebanwa."

"Choo kiko hapo nyuma ya nyumba baba, fanya haraka."

Akakata. Hebu nielezeni ningemwambiaje sasa. Na bahasha yote ninayo mimi kwenye koti, mahari, mkaja wa mama, koti la babu, mpaka ile pesa ya kifungua mlango. Kifungua mlango nilikuwa nacho mfukoni, mlango ndo ulikuwa haufunguki.

Rafiki yangu akatokea. Badala ya kumkimbilia mwenye Noah akaegemea mwarobaini, akaweka mdomo kwenye ule upenyo wa vidole viwili akaanza kunipa elimu: "Unajua Japani yalikotoka haya magari tangu 1962 wana sheria, husajili gari mpaka uonyeshe una mahali pa kuliegesha?" Nikamwambia ndugu yangu nenda kamtafute dereva. Akasema, "Nakwambia ujue tu." Mkononi ana simu, na simu inarekodi.

Sasa hiyo Alphard juu ina sanrufu mbili, yale madirisha ya paani yanayofunguka. Ile ya nyuma kubwa mwenye gari aliiziba na silikoni kwa sababu masika ilikuwa inavujia wageni. Ikabaki ya mbele, ndogo. Nikaiangalia. Nikaangalia kitambi changu. Simu ya shangazi ikaita tena na hapo ndo nikasikia mzee mmoja kwenye turubai anasema kwa sauti, "Kila dakika tuandike," na watu wanacheka, nikajua faini ya kuchelewa imeanza kuhesabiwa. Nikaiweka bahasha vizuri mfuko wa ndani, nikafungua sanrufu, nikapanda kiti.

Kichwa kikatoka vizuri. Mabega nikayapitisha moja moja, kulia kwanza. Kwa sababu ya usukani ilibidi nigeuke niangalie nyuma ya gari, hili mlizingatie maana kesi yote iko hapa. Nikaweka viganja juu ya paa, paa la moto hilo, jua la saa saba, nikajisukuma, kifua kikapita, nikajisukuma tena, pumzi nikaibana, na kitambi kikafika kwenye fremu kikakaa. Hakiendi juu, hakirudi chini. Mguu mmoja uko kwenye kiti, mwingine unaelea ndani ya gari unatafuta pa kukanyaga.

Ndipo nikainua macho.

Alphard peke yake inakaribia mita 2 kwenda juu. Ongeza mimi kuanzia kiunoni. Ule ukuta wa uani uliokuwa mrefu nikiwa chini, sasa ulikuwa chini yangu, na upande wa pili wake kuna masufuria matatu ya pilau, akina mama wamejifunga kanga vifuani wanakatakata kachumbari, bibi mzaa bibi kwenye mkeka, na katikati kwenye kigoda, nusu ya kichwa imesukwa nusu imesimama, uso una kitu cheupe kimepakwa kote limebaki tundu la macho, bi harusi. Ambaye mimi upande wa mwanamume sikutakiwa nimwone siku hiyo mpaka atolewe kafunikwa kitenge na tumelipia.

Mama mmoja akaniona kwanza. Kisu kikasimama hewani. Akamgusa mwenzie. Wakageuka mmoja mmoja, taratibu, hakuna anayesema kitu, pilau inachemka tu. Bi harusi akaniangalia na yale macho yake kwenye ule weupe. Na mimi, jamani, akili ilienda wapi sijui, wiki nzima nilikuwa nimefundishwa salamu moja ya Kigogo niitoe mbele ya wazee wanione nina adabu, nimeirudia bafuni, nimeirudia kazini, ikaja yenyewe mdomoni. Nikainua mkono, nikasema kwa sauti ya heshima kabisa:

"Mbukwenyi!"

Kelele zilizopigwa pale. Bi harusi kajitupia beseni kichwani, lina nyanya. Mwingine anaita mwizi, mwingine anasema si mwizi huyo ana tai. Watoto wakaja mbio upande wa mwarobaini, wakaona mtu kavaa suti katokea juu ya gari jeupe kainua mkono, na kampeni mnajua walishaziona, wakaanza, "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" Watu wa turubai wakasikia Mheshimiwa wakasimama wote kuja kupokea. Wazee wa pande mbili, wajomba wa Mpwapwa, shangazi, bwana harusi ambaye naye alikuwa kajificha gari lingine huko mbele asionekane, wote wakaja wakakuta mgongo wangu.

Na mimi kugeuka siwezi. Nikijaribu kurudi chini nyonga inakandamiza ile swichi iko pale juu karibu na taa ya ndani, sanrufu inaanza kujifunga. Inakuja taratibu kwa mbele ya kitambi, nnnnnn, inanigusa, inagundua kuna kizuizi, inarudi. Nashusha pumzi, nyonga inakandamiza tena. Nnnnnn. Chini mguu ukapiga honi. Funguo sijui niliigusaje, gari likajizima na kujiwasha, na dada wa Kijapani akawasalimia wakwe wote.

Bibi ndo aliyeniokoa na kunimaliza kwa pamoja. Kajikongoja mpaka kwenye ukuta, kaniangalia kwa utulivu, akauliza, "Wewe ndo mshenga?"

"Ndiyo bibi, shikamoo bibi."

"Marahaba. Blanketi langu umekuja nalo?"

"Liko hapa chini bibi."

"Basi ngoja watoto wakutoe, wasilichafue."

Mengine ni haraka haraka. Dereva wa Noah alirudishwa na ile ile boda, gari likasogea, Alphard wakaisukuma mbele nikiwa bado niko juu (hapo ndo ile picha mnayotumiana ilipopigwa, ndiyo, ni mimi, naangalia nyuma, hapana, sikuwa napunga mkono, nilikuwa nashika tawi), vijana wawili wakanivuta makwapa, wengine wakasukuma kutoka ndani, suruali ikabaki na historia yake pale kwenye fremu. Nikaingia kwenye kikao cha mahari nimefungwa kitenge cha shangazi kiunoni na tai shingoni.

Faini ya kuchelewa tukalipa bila maneno. Lakini baba mkubwa wa bi harusi akasimama, kavaa uso wa kazi, akasema kuna kosa jingine, mshenga kachungulia uani na kamwona mwali kabla ya kulipiwa, hiyo kwao ni mbuzi. Nikajitetea sikuchungulia, nimetokezwa. Wazee wakateta pembeni, wakarudi, wakasema mbuzi inabaki, ila kwa sababu nilisalimia, iwe jike au dume ni uamuzi wangu.

Sasa mvutano ndo uko hapo mpaka leo. Bwana harusi anasema hiyo mbuzi nalipa mimi, haimo kwenye bajeti ya kamati. Mwenye Alphard anataka pesa ya mpira wa sanrufu. Mimi nasema vyote viwili ailipe mwenye Noah, na mwenye Noah simu yangu hapokei, ila stetasi yake nimeona kaweka ile picha.